Ndiyo Nyingi za Mwandulu

Evalina alizaliwa na ugonjwa mmoja usio na dawa, nao ni udadisi. Alipokuwa mtoto pale Somanda aliwahi kuifungua redio ya baba yake kwa kisu cha jikoni ili amwone anayesoma taarifa ya habari. Akachapwa, na kilio kilipokwisha akauliza mbona fimbo mbichi inauma kuliko kavu. Watu wa namna hiyo wanachelewa kuolewa, lakini kazi hawakosi. Mradi wa uchunguzi wa matiti ulipofika Bariadi ukitafuta wanawake wanaojua Kisukuma na wasioona haya kuuliza mambo ya sirini, jina lake lilitajwa kabla mwenyewe hajasikia kwamba kuna kazi.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Simiyu lilikuwa jina la mto tu, mkoa ulikuwa Shinyanga, na ushirika uliozoea kununua pamba peke yake ulikuwa umelala hoi. Makampuni ya watu binafsi yalimwagika vijijini, kila moja na mizani yake na kelele zake. Hata miradi ya misaada ilikuja kwa mtindo huohuo wa gulio: huu unaingia, ule unatoka, na kila mmoja unataka kuonyesha kwa tarakimu kwamba haukuja kupoteza mafuta ya gari.

Mradi huu, tuseme ukweli, haukuwa mbaya. Kwa mwaka mzima, kila Alhamisi, nesi aliyefunzwa alikaa kwenye zahanati ya kata akiwachunguza wanawake matiti kwa vidole vyake, bure, na aliyekutwa na uvimbe akaandikiwa barua ya kwenda Mwanza. Sasa mwaka ulikuwa unaisha na wakubwa walitaka kujua ni wanawake wangapi waliokwenda. Kazi ya Evalina ilikuwa kupita kwenye nyumba zilizochaguliwa na kuuliza. Msimamizi wake, Bwana Renatus, alikuwa amewaeleza mapema jinsi majibu yatakavyotumika. Mahali ambapo wengi wamechunguzwa, kazi imekwisha, na nesi atahamishiwa wilaya nyingine. Mahali ambapo ni wachache, nesi atabaki mwaka mwingine.

Evalina aliipenda kazi hiyo kwa sababu ambayo hakumwambia Renatus. Mama yake alikufa na uvimbe alioufunga kwa kanga mpaka siku kanga ilipolowa. Msibani watu walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na Evalina aliwachukia wote na methali yao. Alikuwa amebakiwa na mama mdogo mmoja, Milembe, mwenye mwanya uleule wa marehemu na kicheko kilekile cha kuanzia puani. Milembe aliolewa Mwandulu, kijiji kilicho mbele ya Lagangabilili, na Mwandulu kilikuwa kimojawapo cha vijiji ambavyo Evalina alipangiwa. Kila alipoifikiria safari hiyo, kulikuwa na swali moja tu alilotaka kweli kujibiwa, nalo lilikuwa la mama mdogo.

Alifika kwa baiskeli wakati wa kuvuna pamba. Mkutano wa kijiji ukaitishwa, akasimama kueleza. Mwanamke mmoja mzee aliyeketi mbele kabisa, Kwandu, mwenye kifua kipana na sauti ya kupuliza moto, akamuuliza mbona hawaulizwi wanawake wote.

"Mayu, hatuwezi kumaliza nyumba zote," alijibu Evalina. "Wachache wakichaguliwa vizuri, wanawasemea wengine. Ukionja mchuzi kijiko kimoja, si unajua chumvi ya chungu kizima?"

Wanawake waliitikia kwa vichwa kwa pamoja, wakatazamana, wakaitikia tena. Walikuwa kama watu wanaosimuliwa jambo wanalolijua zamani. Evalina hakuwahi kueleweka haraka namna ile, na alifurahi sana, jambo ambalo lingemshtua kama asingekuwa amechoka na baiskeli.

Akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Salamu zikaanza, mwangaluka mayu, mwangaluka ng'wanawane, yaani mama na mwanangu, kigoda kikaletwa, matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, yakaletwa kwenye sahani ya bati, maana kwa Wasukuma mgeni hafungui mdomo kabla hajautia kitu. Kisha maswali. Na lilipofika lile swali lenyewe, je umekwisha chunguzwa matiti kwa nesi, jibu lilikuwa ndiyo. Nyumba ya pili ndiyo. Nyumba ya tatu, mwanamke aliyekuwa akimnyonyesha mtoto akasema ndiyo, na yuko salama, anashukuru. Katika vijiji vingine wanawake walicheka, walitazama chini, walisema watakwenda pamba ikiisha. Mwandulu walijibu wakimtazama usoni. Alipofika kwa mama mdogo alikuwa karibu kuimba.

"Na wewe umechunguzwa, mama mdogo?"

"Ndiyo," alisema Milembe, akiendelea kutenga pamba uani. "Zamani. Sina kitu, wabeja Mulungu."

Evalina alilala usingizi mzito usiku ule, wa kwanza tangu msiba.

*

Kesho yake alipitia zahanati ya kata kuchota maji ya kunywa na kumsalimia nesi. Klementina, ambaye siku nyingine za juma alifanya kazi za kawaida za zahanati, alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye kucha zilizokatwa mpaka mwisho, aliyezoea kuzungumza huku akinawa mikono. Evalina alimpongeza kwa kazi aliyoifanya Mwandulu.

"Mwandulu?" Klementina alifunga bomba la ndoo. "Kutoka Mwandulu alikuja mmoja."

"Mmoja kwa wiki?"

"Mmoja kwa mwaka, dada yangu. Mmama mzee wa kifua kikubwa. Namkumbuka kwa sababu alikuja na kuku wa kunishukuru, nikamkatalia, akamwachia mlinzi. Na kwa sababu ya maneno yake. Alipolala pale kitandani aliniambia, nesi, nipime taratibu, mimi ni wengi."

"Ni wengi kivipi?"

"Nilidhani anatania unene wake. Nikacheka, naye akacheka."

Renatus naye alikuwapo siku hiyo, amekuja na gari la mradi kukusanya madodoso ya vijiji vilivyokwisha. Alikuwa kijana wa Mwanza mwenye heshima zake, asiye mwongo wala mvivu, ila mwenye wakubwa. Alipoona karatasi za Mwandulu uso wake uling'aa.

"Karibu wote," alisema. "Kata hii imetuheshimisha. Basi Alhamisi hii itakuwa ya mwisho hapa, nesi. Ijumaa napeleka majumuisho."

"Lakini nesi amemwona mmoja tu," alisema Evalina.

"Labda walikwenda Maswa. Au Bariadi mjini."

"Wote, kina mama wa jembe, wapite zahanati ya karibu waende Maswa?"

Renatus alikuna kidevu. Alitazama karatasi, akamtazama Klementina, na ilionekana wazi kwamba moyo wake ulikuwa upande wa karatasi. "Dada Evalina, sisi tumetumwa kuwauliza wanawake. Wanawake wamejibu. Ukiniletea sababu kabla ya Ijumaa, nitaiandika na nesi atabaki. Bila sababu, ndiyo ni ndiyo."

Evalina alipanda baiskeli kurudi Mwandulu, na njia nzima kichwa chake kilikuwa kikifanya kazi kuliko miguu. Aliogopa, tena sana, kwa sababu katika zile ndiyo mojawapo ilikuwa ya mama mdogo, na Alhamisi ilikuwa keshokutwa. Lakini chini ya hofu, ugonjwa wake ulikuwa umeamka. Watu hudanganya kwa haya, kwa woga au kwa kutaka kumfurahisha mgeni. Wa haya hutazama pembeni. Mwoga hujibu kwa ufupi. Anayetaka kukufurahisha huongeza chumvi. Wanawake wa Mwandulu hawakufanya lolote kati ya hayo. Walijibu kama mtu aliyeulizwa kama amekula mchana. Kwa hiyo walikuwa wakisema kweli, na nesi naye alikuwa akisema kweli, na kweli hizo mbili hazikuingia chungu kimoja.

Alijaribu kwanza njia ya waganga wa jadi. Pengine kuna mfumu anayewapapasa na wao wakamwita nesi. Milembe alimsikiliza akacheka kicheko cha puani.

"Mfumu gani wa kunishika mimi matiti, baba yako mdogo angemwacha mzima? Hapana. Tumepimwa na nesi, zahanati."

"Lini, mama mdogo?"

"Mwanzo wa kulima."

"Ulikwenda na nani?"

"Njoo unisaidie pamba hii," alisema Milembe. "Kesho ni kuuza. Ukikaa bure utaendelea kuuliza mpaka meno yaote nywele."

Evalina akaketi kutenga pamba. Milembe alikuwa katika kikundi cha wanawake waliolima kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, na wakati wa kuuza wakakusanya pamba yao uani kwa mmoja. Wenzake walikuwapo wawili, Minza na Monika, wenye midomo isiyopumzika. Pamba safi, nyeupe, ikaenda huku. Pamba fifi, ile iliyonyeshewa ikageuka rangi ya chai ya maziwa, ikaenda kule. Evalina aliona kwamba jua lilipoinama Milembe aliichukua fifi yote, akaishindilia chini kabisa ndani ya magunia matatu ya nyuma, akaifunika kwa nyeupe.

"Na hii mbona inaingia humu?"

"Hii ni ya chini," alisema Milembe, na wenzake wakainamia kazi zao kwa bidii ya ghafla.

*

Siku ya kuuza, mkokoteni wa ng'ombe ulibeba magunia hadi kituo cha kununulia pamba, na wanawake wakaufuata kwa miguu. Wanunuzi walikuwa wawili, wa makampuni mawili, kila mmoja akiwaita wakulima kwa sauti ya mnadani. Zamani, chini ya ushirika, karani alikuwa akimwaga kila gunia kwenye turubai na kulichakura kama kuku, na foleni ikalala hapohapo hadi kesho. Soko huria halina subira hiyo. Ukimwaga magunia ya mtu, jirani yako atainunua pamba yake.

Kikundi cha Milembe hakikwenda chote mbele ya mizani. Alikwenda Kwandu, peke yake, akaketi juu ya gunia la kwanza kama mke mkubwa, wengine wakabaki kivulini wakila karanga. Mnunuzi, kijana aliyeitwa Mashimba, mwenye kofia ya kampuni, alimwomba bibi ainuke kidogo. Akafungua gunia lile moja, akatumbukiza mkono, akatoa pamba nyeupe, akaivuta kwa vidole, akaridhika.

"Safi," alisema. "Yote pima safi."

Na magunia yote yakapita kwa jina la lile moja.

Evalina alikuwa ameketi kivulini na karanga mkononi. Hakuila. Alimtazama Kwandu na kifua chake kipana akiinuka kwenye gunia, akawatazama wanawake waliokuwa wakitulia kwa sababu mwenzao yuko mbele kwa niaba yao, na maneno ya mtu aliyelala kwenye kitanda cha zahanati yakamrudia. Nipime taratibu, mimi ni wengi.

"Mama mdogo," alisema polepole. "Kwa nesi, nani alikwenda?"

"Kwandu," alisema Milembe. "Si tulimtuma."

Akaeleza bila kuficha chochote, maana hakuona la kuficha. Tangazo la uchunguzi lilipokuja ilikuwa ni kulima, mvua imeshika, na shamba halingoji. Kikundi kikakaa. Wakasema kuacha jembe wote siku nzima ni njaa, basi atumwe mmoja, kama anavyotumwa mmoja kwenye mkutano wa kata, kwenye mnada, kwenye msiba wa mbali, na analorudi nalo ni la wote. Majirani wasio wa kikundi wakaomba nao waingizwe humo. Wakachanga kuku.

"Tulibishana nani aende," aliongeza Minza akimeza karanga. "Mimi nilijitolea, wakasema nimekonda, nitawaaibisha."

"Tukamchagua Kwandu kwa kuwa amenyonyesha kuliko wote," alisema Monika. "Watoto wake kumi na mmoja, na mapacha wa mke wa Masele mama yao alipougua. Maziwa yale yamefanya kazi ya kijiji. Kama kuna ubaya katika matiti ya Mwandulu, ungekuwa kwake. Akarudi akasema nesi ameshika kote, hakuna kitu. Tukashukuru, tukarudi shambani."

Hapo, nawaambieni, Evalina alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, kwa raha ya mtu aliyelipata jibu ambalo hata kwa mwaka mzima asingelibuni. Wanawake wakacheka naye, wakidhani wamechekea kitu kimoja. Kisha kicheko kikamkatika. Alikuwa akimtazama Milembe akicheka, na alikuwa ameona kwamba chini ya blauzi ile haujawahi kupita mkono wa nesi hata siku moja.

"Mama mdogo, wewe hujapimwa."

"Nimekwambia, tumepimwa."

"Kwandu amepimwa. Titi la Kwandu halijui lililo ndani ya lako."

Kicheko kikaisha kivulini. Kwandu alikuwa amerudi kutoka kwenye mizani na kusikia jina lake.

"Ng'wanawane," alisema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, ilikuwa ya mtu anayekumbusha. "Ulisimama mkutanoni ukatuambia wachache wanasemea wengine. Mchuzi unaonjwa kijiko kimoja. Sisi tulikuelewa, maana ndivyo tulivyofanya. Leo chungu kimekuwa vyungu vingapi?"

Evalina alikuwa amefunzwa juma zima mjini Bariadi namna ya kuteua nyumba, na hakufunzwa jibu la swali hilo. Alijaribu. Alisema kijiko kinakuambia chumvi ya chungu, hakikuambii kama katika ule mchuzi kuna jiwe moja. Walimsikiliza kwa adabu. Alisema ugonjwa huu haumfuati aliyenyonyesha zaidi, unaweza kumwacha mnene ukamkamata mwembamba. Minza alijitazama kifuani, lakini wengine hawakutikisika. Penye wengi hapaharibiki neno, na wengi walikwisha kukata shauri mwanzo wa kulima. Alihisi Alhamisi inamponyoka mikononi. Ndipo hasira ikampanda, na hasira ikamwonyesha njia.

"Haya," alisema. "Nataka niende pale kwa Mashimba nimwombe amwage gunia la nyuma kabisa."

Milembe aliacha kutafuna.

"Si ameonja moja?" aliendelea Evalina kwa sauti ya chini. "Amesema yote ni safi. Basi akimwaga la nyuma atakuta nini, mama mdogo?"

Milembe alitazama magunia yaliyokuwa yakipakiwa kwenye lori, matatu yale yakiwa ya mwisho, manene na meupe kwa juu. Monika alianza kufunga upya kanga yake ambayo haikuwa imefunguka. Walijua kilichomo. Walikishindilia wenyewe kwa mikono yao, jana, jua likiwa linaona. Katika mkoa mzima hapakuwa na watu waliojua vizuri kuliko hao kwamba gunia la mbele halisemi lolote juu ya la nyuma.

"Huyu mtoto ana mdomo kama wa dada yangu," alisema Milembe hatimaye.

"Dada yako alikuwa gunia la nyuma," alisema Evalina, na machozi yakamtoka palepale mbele ya watu, kituoni, pamba ikiendelea kupimwa. "Nje kanga nyeupe. Na alikuwa akisema ni mzima."

Mashimba aliita kikundi kinachofuata. Kwandu, ambaye alikuwa amesimama muda wote, aliketi chini kwa uzito.

"Kwa hiyo mimi sikuwafaa kitu," alisema. Ilimuuma kweli, maana alikuwa ametembea na heshima hiyo tangu mvua za kwanza.

"Umejifaa mwenyewe, mayu," alisema Evalina, akifuta uso. "Na njia unaijua. Kesho watahitaji wa kuwaongoza."

*

Alhamisi, siku ambayo pamba nyingine ilibaki imefumbuka shambani bila wa kuichuma, wanawake wa Mwandulu walitembea hadi zahanati ya kata wakiongozwa na Kwandu. Walijaza benchi, wakajaza ngazi, wakajaza kivuli cha ukuta. Klementina alitoka na mikono inayochuruzika maji, akawatazama, akamtazama Evalina.

"Hawa ndio wale wengi?" aliuliza.

"Ndio hao."

Renatus alikuja mchana kufunga hesabu za kata. Evalina alimpeleka pembeni, akamweleza kuanzia kuku mpaka gunia, ingawa la gunia alilipitia juujuu. Renatus alisikiliza mpaka mwisho, akauliza tena kama kweli alitumwa mmoja, akavua miwani.

"Na dodoso letu halina swali la kuuliza kama ulikwenda mwenyewe," alisema.

"Hakuna aliyefikiria."

"Nitaandika." Alicheka peke yake, kisha akaacha. "Sasa najiuliza kuhusu vijiji vingine vyenye ndiyo nyingi. Itabidi turudi kuuliza. Nesi atabaki."

Hilo lilikuwa jambo kubwa, na siku nyingine Evalina angelirukia. Lakini macho yake yalikuwa kwenye mlango uliofungwa, kwa sababu Milembe alikuwa ndani, na alikuwa amekaa humo kuliko wote waliomtangulia. Wengine waliingia wakicheka na kutoka wakicheka, wakifunga vifungo vya blauzi na kusema nesi ana mikono ya baridi. Mlango ule ulikuwa haufunguki. Minza alianza kusimulia kitu akaacha katikati.

Ulipofunguka, Milembe alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara mbili. Alikuja akaketi karibu na Evalina kwa utulivu, kama mtu aliyetoka kuuliza bei.

"Amekuta kitu," alisema. "Huku kushoto. Kadogo, kama punje ya choroko. Hakaumi, nisingekajua. Anasema pengine si kibaya, ila niende Mwanza wakakatazame, na kama ni kibaya, nimewahi."

Evalina alimshika mkono, akaubana. Hofu ilimjaa, na pamoja na hofu kitu ambacho hakukijua jina, kwa kuwa mama yake hakuwahi kukaa kwenye benchi kama hili na kumwambia mtu, huku kushoto.

"Nitakupeleka mwenyewe, mama mdogo. Kesho asubuhi."

"Kesho una karatasi zako za kumpa yule kijana. Jumatatu. Kamelala siku zote hizo, katalala mpaka Jumatatu." Milembe aliitia karatasi ndani ya pindo la kanga, akaifunga fundo. Halafu akamgeukia, akamtazama muda. "Na wewe ulikwenda lini?"

"Wapi?"

"Humo ndani."

Evalina alikuwa ameliuliza swali hilo kwa mwezi mzima, uani, jikoni, shambani, kwa wanawake ambao hakujua hata majina ya watoto wao. Alifungua mdomo kujibu, na neno lililokuja mbele ya ulimi, tayari, bila haya wala woga, lilikuwa ndiyo. Akalishika kabla halijatoka, akashangaa limetoka wapi. Alifanya kazi kwenye mradi. Aliijua michoro yote. Alikula ugali na Klementina sahani moja. Mkono wa nesi haujawahi kumgusa.

"Ulimtuma nani?" aliuliza Milembe. Hakuwa akimtania.

Jibu alilijua mara moja, na lilimuuma kama lililokuwapo siku zote. Alimtuma mama. Tangu siku ya maziko alikuwa ameishi kama mtu wa nyumba iliyokwisha toa mjumbe wake, ugonjwa ulikuja ukapewa wa kwake ukaondoka, na kwa hao waliobaki hapakuwa na deni tena. Alizunguka kata nzima akiwauliza wengine, na katika kuuliza huko alijihesabu amepimwa.

Milembe hakuhitaji kuambiwa, maana marehemu alikuwa dada yake naye. Kwandu, aliyeketi mwisho wa benchi, alijisogeza.

"Anayefuata," aliita Klementina kutoka ndani, maji yakimiminika kwenye beseni.

Minza alikuwa ndiye wa zamu. Alimtazama Evalina, akabaki ameketi, akaanza kutafuta karanga kwenye fundo lake.

Evalina alivua mkoba wenye madodoso, akamwekea mama mdogo magotini amshikie, akasimama, akaingia mwenyewe.